Osha Miguu Kwanza, Mama Neema

Nakumbuka siku moja ya vumbi hapa Dodoma, mwanangu. Nesi wa kliniki alinirudishia kadi ya mtoto akasema uzito umeshuka tena; ukishuka na wiki ijayo, analazwa. Neema, mtoto wangu wa kwanza, alikuwa na miezi mitatu. Nilikuwa nimerudi kazini, karani wa masijala, na maziwa yalikuwa yamegoma.

Ninyi mnadhani wasiwasi umeletwa na simu. Sisi hatukuwa nazo, na bado roho yangu ilikuwa juujuu kutwa nzima. Kila jioni nilitoka ofisini nikikimbia, nikaingia ndani na viatu, mkoba begani, nikamnyakua mtoto na kumpachika kifuani huku nikiwaza jalada lililopotea. Ananyonya kidogo, anaachia, analia. Nami nalia.

Mama mkwe wangu alikuwa ametoka kijijini, upande wa Hombolo, kuja kunisaidia kulea. Alikuwa Mgogo wa maneno machache, na mimi niliyekulia Tanga nilimwona mkali bure. Siku ile ya kadi, baada ya kliniki nilimwachia mtoto nikaenda kazini; jioni nilimkuta amesimama mlangoni, Neema mgongoni, chini kuna kigoda na beseni la maji ya vuguvugu.

"Osha miguu kwanza, Mama Neema."

"Mama, mtoto ana njaa. Nipe."

"Ana njaa, ndiyo. Kaa."

Nikamwambia huyu ni mwanangu, si wako. Neno lile naliona aibu mpaka leo. Hakusogea. Nikakaa kwa hasira, nikaosha miguu, nikapewa kikombe cha uji wa uwele na amri ya kutosema neno mpaka uishe. Nilikunywa nikimsikia Neema analia.

Siku hiyo haikusaidia sana, nisikudanganye. Lakini kila jioni ilikuwa vilevile: maji, kigoda, uji, kimya. Siku ya nne nilihisi mabega yanashuka yenyewe, na Neema akanyonya mpaka akasinzia. Wiki iliyofuata, kliniki, uzito ulikuwa umepanda, kidogo tu.

Nikamwomba radhi mama mkwe, nikamwuliza nani alimfundisha hayo.

"Hakuna," akasema. "Kabla ya mume wako nilikuwa na binti. Nilikuwa natoka shambani nakimbia kama wewe, na kifua kikavu. Hakuna aliyenizuia mlangoni."

Mume wangu alikuwa amekua akijijua kifungua mimba.

Mwanangu, sisemi wasiwasi ndio uliomwua mtoto yule. Hilo analijua Mungu, na mtoto akidhoofika mpeleke hospitali. Nasema usiingie nyumbani mwako ukiwa bado mbioni. Chagua jambo moja dogo, lilelile kila siku, liwe ni uji au sala au kukaa tu, ulifanye kabla hujamgusa umpendaye, na simu iwe mbali. Hofu haitakwisha. Neema ana wajukuu sasa, na akichelewa kunipigia bado nababaika, mpaka nichemshe maji nikae. Ila hofu ikikaa chini, na wewe unapata kupumua.

Mungu akupe kifua kisichokauka na usingizi usioshtuka, na wanao waje wakuzike wewe, usiwazike wewe wao.