Mama Alipouliza Maana ya Milele

Kaka yangu alifia Mtito Andei, katika gesti aliyozoea kulala miaka yote aliyoendesha lori kwenye barabara ya Mombasa. Moyo ulisimama tu, ndivyo daktari alivyotuambia. Tukamleta nyumbani, kijijini Nuu. Siku ya mazishi mhubiri alisimama mbele ya jeneza, akafunga Biblia yake, akasema hawezi kudanganya watu. Marehemu alikuwa mtu mzuri, kila mtu anajua, lakini hakuwa ameokoka. Kuna uzima wa milele na kuna adhabu ya milele, alisema, na ukishakufa huwezi tena kuchagua.

Mama alikuwa safu ya mbele, kwenye kiti cha plastiki, kitambaa cha kichwa kimeshuka hadi kwenye nyusi. Hakulia. Mchanga wa kujengea kanisa la mhubiri huyo uliletwa na kaka yangu, lori zima, akaushusha mwenyewe kwa sepetu. Walipomkaribisha ndani kwa maombi alikataa, akasema ananuka jasho. Nadhani mama alikuwa anafikiria hilo. Mimi nilikuwa nalifikiria.

Baada ya mazishi mama aliendelea kwenda kanisani ila hakuimba tena, na Meza ya Bwana ilipopitishwa aliinamisha kichwa ikampita. Jirani alinipigia simu kunieleza. Wakati huo nilikuwa mjini Wote, mbali na Nuu kwa safari inayomaliza siku nzima. Nilienda wikendi moja, nikamkuta uani anapukuchua mbaazi, nikavuta kigoda nikasaidia. Hakuuliza habari za watoto wala za safari.

"Wewe ndiye ulisomea ile lugha ya zamani," alisema.

"Ndio, mwaitu." Hivyo ndivyo tunavyomwita mama kwa Kikamba.

"Hiyo milele ya mhubiri. Huko kwa lugha yenyewe iko hivyo hivyo?"

Nilikuwa nimefundisha Kigiriki katika chuo kidogo cha wachungaji karibu maisha yangu yote ya kazi, na hakuna mwanafunzi aliyewahi kuniuliza swali akitetemeka midomo. Nilimwambia nitamjibu, lakini anipe muda. Aliitikia kwa kichwa, akaendelea na mbaazi.

Sababu ya kuomba muda ilikuwa hii. Huko Wote nilikuwa katika kamati ya kupitia upya tafsiri ya Maandiko kwa Kikamba, watu wachache tuliokaa katika ukumbi wa kanisa wenye mabati yanayowaka joto, tukibishana juu ya neno moja moja hadi macho yanauma. Na tulikuwa tunakaribia mstari ule ule wa mhubiri, wa adhabu ya milele na uzima wa milele.

Neno lenyewe kwa Kigiriki ni *aionios*. Linatokana na *aion*, yaani maisha ya mtu, au enzi, kipindi kirefu ambacho mwisho wake hauonekani. Kwa hiyo *aionios* linaweza kuwa jambo la enzi, la zamani sana, la enzi ile ijayo, au lisilo na mwisho kabisa. Inategemea linaelezea nini. Walipokuja watafsiri wa Kilatini walichagua neno lililoegemea kutokwisha, na mahubiri ya karne nyingi yakajengwa juu yake. Sisi tukapewa "milele". Kikamba chetu kiko karibu zaidi na Kigiriki kuliko watu wanavyodhani: *tene* ni zamani, na ukisema *tene na tene* umeshafika milele. Yule nabii aliyemezwa na samaki alilia kwamba amefungiwa chini kwa makomeo, na Wayahudi waliotafsiri maombi yake kwa Kigiriki wakatumia neno hili hili. Lakini alitoka siku chache baadaye.

Basi tulipofika kwenye mstari, nilipendekeza tuweke maelezo madogo chini ya ukurasa, upande wa adhabu: au, "ya enzi ijayo". Nilizungumza muda mrefu. Sikumtaja kaka, ingawa nafikiri sauti yangu ilimtaja.

Mwenyekiti wetu, mchungaji mstaafu mwenye ndevu nyeupe, alinisikiliza hadi mwisho. Kisha akasema, "Mwalimu, kwa mstari huo huo neno hilo liko mara mbili. Adhabu na uzima. Ukilifungua upande mmoja, umelifungua pande zote mbili."

Hoja hiyo ni ya kale kuliko makanisa yetu yote, na ina majibu yake. Nilianza kuyatoa. Aliinua mkono, si kwa ukali.

"Nilizika binti yangu akiwa darasa la nane," alisema. "Alikuwa ameokoka. Asubuhi nikiamka, kitu kinachonitoa kitandani ni hilo neno. Sasa wewe unataka niandike hapo chini kwamba pengine si milele."

Mtu alienda kufungua dirisha ambalo tayari lilikuwa wazi. Nilitazama karatasi mbele yangu na nikahisi uchovu ambao usingizi hauwezi kuuondoa. Ningeweza kudai kura ipigwe. Pengine ningeshinda. Nikasema naondoa pendekezo langu, tukahamia mstari unaofuata, kisha tukaenda kunywa chai. Mwenyekiti ndiye aliyenimiminia.

Nilirudi Nuu mwisho wa mwezi. Mama alikuwa amekonda. Nilimweleza kila kitu, enzi na milele, nabii na samaki, hata mwenyekiti. Nilijitahidi kusema polepole, kama mtu anayebeba ndoo ya maji iliyojaa hadi mdomoni.

"Huyo mzee aachwe na neno lake," alisema nilipomaliza. "Asiguswe."

"Nimemwacha, mwaitu."

"Na mtoto wangu?"

"Neno peke yake halisemi ni muda gani. Wasomi wamebishana tangu zamani na bado wanabishana. Mimi sijui."

"Mhubiri anajua?"

"Hajui pia."

Nilidhani nimemwongezea mzigo. Mtu anakuja na swali lake unamrudishia bila jibu. Kisha akasema, "Lakini alihubiri kama anayejua." Hakukasirika. Alisema kama mtu anayeweka chini kitu alichobebeshwa kimakosa.

Jumapili tulienda pamoja. Baada ya ibada mhubiri alikuja kutusalimia mlangoni, na mama akashika mkono wake asiuachilie.

"Mchungaji, ukizika mtu mwingine hapa, sema vile aliishi. Halafu nyamaza, uachie Mungu."

Mhubiri alinitazama mimi kwanza, kana kwamba ni mimi niliyemtuma mama. Halafu akamtazama yeye.

"Nimesikia, mama," alisema.

Sijui kama alisikia. Nimehudhuria mazishi mengine kijijini tangu hapo. Mara nyingine ananyamaza, mara nyingine anashindwa. Ile tafsiri nayo iko karibu kutoka, na mstari umebaki ulivyokuwa, bila maelezo yoyote chini. Mwenyekiti hupiga simu mara kwa mara kuuliza afya yangu.

Siku ile, tulipotoka kanisani, mama alipika muthokoi wa mahindi na maharagwe, na tukiwa tunakula akaanza kusimulia habari za kaka, mara ya kwanza tangu tumzike. Jinsi alivyokuwa anaogopa beberu wa jirani. Jinsi alivyojifundisha kupiga mluzi akiwa na pengo, jinsi alivyokataa shule wiki nzima kwa sababu ya kaptura. Baadhi ya hayo sikuwahi kuyasikia. Nilitaka kusikia yote, lakini safari na miezi ile ilinizidi nguvu, nikasinzia pale pale kitini sahani ikiwa mapajani. Nilipozinduka jua lilikuwa limehama ukuta, sahani imeondolewa, na mama alikuwa bado anaongea juu ya kaka.