Fundi Chekeche Aliyeishiwa Matundu

Pale Kharumwa ukimtafuta Donatus wa machekeche utaambiwa ufuate kelele. Si kelele za nyundo, ingawa nyundo anayo. Ni za Donatus mwenyewe, ambaye hajawahi kumuuzia mtu chekeche bila kumhutubia kwanza. Mteja anataka la kuchekechea unga, aondoke zake akapike. Donatus anataka kujua unga huo umesagwa wapi, muhogo ulianikwa juu ya nini, na mteja ana haraka ya kwenda wapi.

Alianzia Nkome, ziwani, wakati wa ujana wake, akianika dagaa wa watu. Dagaa hao walianikwa mchangani, kwa hiyo mlaji alikula nusu kitoweo na nusu ufuko. Siku moja Donatus akaokota kipande cha wavu, akakigongomelea kwenye fremu ya mbao, akatikisa. Mchanga ukaanguka, dagaa wakabaki. Anasema alisimama pale amejishika kiuno akaona dunia nzima imemfunukia: kumbe vitu vyote viko makundi mawili tu, kinachopita na kinachobaki. Tangu hapo hajabadili mawazo, ila ameongeza matundu. Analo chekeche la kokoto, la mchanga wa kupiga lipu, la mchele, la unga, na la wachimbaji wa dhahabu wanaochekecha mawe yaliyosagwa. Lililo dogo matundu kuliko yote amelitundika juu ya mlango wa kibanda chake, na hilo haliuzwi.

"Hakuna kitu duniani kisicho na chekeche lake," husema. "Kama hujaliona, basi hujafika kwangu."

Hata binadamu huwachekecha. Mtu asiyetunza siri humwita tundu la kokoto. Jirani yake Bujiku, mfuga ng'ombe, amemweka tundu la unga, kwa sababu kwa Bujiku hakipiti kitu bila kuulizwa maswali. Na ni maswali ya Bujiku yaliyomponza.

Bujiku alibahatika kupata mtoto anayeelezeka. Mwanawe Adam ni daktari wa mifugo, kazi unayoweza kuieleza huku unatafuna muwa: anatibu ng'ombe, basi. Noela, binti wa Donatus, alikuwa chuo kikuu akisomea kitu ambacho baba yake alishaelezwa kwenye simu mara nyingi. Kila mara aliitikia "ndiyo, ndiyo, mwanangu," kisha akausingizia mtandao.

"Mwadila, Baba Noela," Bujiku alimsalimia kwa Kisukuma pale kibandani siku moja ya mnada, mbele ya watu.

"Mwadila. Mhola?"

"Mhola duhu. Hivi yule binti anasomea nini hasa?"

"Sayansi."

"Sayansi ya nini?"

"Ya vitu vidogo."

"Vidogo kama nini?"

Hapo Donatus akakwama. Alitazama chekeche la juu ya mlango, akatazama watu. Alitaka tu kuonyesha kwamba ni vidogo kweli kweli.

"Vidogo kuliko chawa," akasema.

Angetaja punje ya ulezi yangeisha palepale. Lakini alitaja chawa, na chawa ni mnyama ambaye akishaingia kwenye mazungumzo, mengine yote yanasahaulika. Jua halijazama, soko zima lilishajua kwamba binti wa Donatus yuko chuo kikuu anasomea chawa, na kwamba amefaulu vizuri sana.

Noela aliporudi nyumbani likizo, alidhani watu wamemkumbuka kwa mapenzi. Mama mmoja alimletea kuku mwenye viroboto amwangalie. Mzee mwingine alipopewa shikamoo, aliitikia marahaba kisha akainamisha kichwa na kungoja. Noela akadhani anaombewa baraka, akainamisha na chake. Walikaa hivyo wameinamiana hadi mzee akauliza, "Umewaona?"

Scolastika, mama yake Noela, alipopata habari kamili aliweka mwiko chini, na Scolastika haweki mwiko chini ovyo.

"Baba Noela, mtoto amepata nafasi ya kusoma shahada ya pili. Jumamosi tunamfanyia sherehe kabla hajaondoka. Utasimama wewe, uliyemwaga hii takataka, uizoe mbele ya hao hao. Mwanangu haondoki hapa anaitwa Bibi Chawa."

Donatus aliumia. Hakuna aliyempenda Noela kama yeye. Ada yote ilitoka kwenye nyundo yake. Na aliona aibu ambayo hakuwahi kuisema, kwamba mtoto amesoma hadi amefika mahali ambapo baba yake hawezi hata kupataja. Asubuhi yake alimfuata jikoni akaketi kwenye kigoda.

"Haya, nifundishe," akasema. "Lakini taratibu, kama unamfundisha Bujiku."

Noela alicheka, akang'oa unywele mmoja kichwani mwa baba yake.

"Baba, huu upasue kwa upana, vipande elfu themanini hivi. Unene wa kipande kimoja ndiyo nanomita, kwa kukadiria."

"Nani anapasua?"

"Hakuna anayepasua, baba. Unafikiria tu."

Donatus alifikiria mpaka kichwa kikamuuma. Noela akaendelea: kitu kikiwa na upande hata mmoja ulio kati ya nanomita moja na mia, hapo kinaitwa nanomaterio. Ndipo wanavipanga. Kwa kuwa baba yake alikuwa ameanza kuangalia mlangoni, akavuta vyakula vya jikoni.

Punje ya ulezi: ndogo urefu, upana na kimo, haina upande mkubwa hata mmoja. Hilo kundi la sifuri. Tambi: nyembamba, lakini ni ndefu, ina upande mmoja mkubwa. Kundi la kwanza. Chapati: imetanuka pande mbili, ila ni nyembamba. Kundi la pili. Kashata ya ufuta: ni donge kubwa pande zote tatu, lakini ukiivunja, ndani imejengwa na vitu vidogo vidogo. Kundi la tatu.

"Kwa hiyo hamvipangi kwa tundu?" Donatus aliuliza, na sauti yake ilikuwa ya mtu aliyeibiwa.

"Hapana, baba. Kwa kuhesabu pande ambazo si ndogo."

Akaimeza tambi mbichi kwa hasira.

Noela akamwongezea mpangilio mwingine, wa asili ya vitu hivyo: vipo vinavyokuja vyenyewe, vipo vinavyotokea bila kukusudiwa, kama vile ndani ya moshi, na vipo vinavyotengenezwa makusudi maabara. Na upo mpangilio wa kile vilichotengenezwa nacho: kaboni, metali na kadhalika.

"Hata dhahabu?" Donatus akauliza.

"Hata dhahabu. Dhahabu ikiwa chembe ndogo hivyo, ikielea kwenye maji, haiwi ya njano tena. Inakuwa nyekundu. Lakini baba, hiyo usiiseme Jumamosi."

"Kwa nini?"

"Baba, hapa ni Kharumwa."

Akaapa hataisema.

Jumamosi ikafika. Donatus alikuwa amemwaga kifusi chekundu uwanja mzima ili wageni wasikanyage tope, na turubai likafungwa juu yake. Watu wakala, wakanywa. Mshereheshaji, Cornel, ambaye huongea kana kwamba kila sherehe ni fainali, akamwita baba mzazi. Donatus akasimama mbele ya meza aliyoiandaa mwenyewe tangu asubuhi: sahani ya ulezi, sahani ya tambi, sahani ya chapati na sahani ya kashata.

Alipofunua, alikuta ulezi peke yake. Vingine vyote wahudumu waliviona vimekaa bure, wakavigawa.

"Mwenye chapati ainue juu!" Donatus akaomba. Mgeni mmoja akainua kipande chenye alama za meno. "Hiyo ni kundi la pili!"

"Mimi nimepewa moja tu," mgeni akalalamika.

Kutoka hapo mambo yalikwenda mrama. Kila mtu alitaka kujua kitu chake kiko kundi gani. Dagaa je? Dagaa ni mrefu, mwembamba, kundi la kwanza. Na dagaa aliyesagwa? Sifuri. Ugali? Donatus akasita, akasema la tatu, kwa sababu ni donge la unga. Watu wakaanza kumwelewa, na yeye akaanza kujisikia, mpaka Bujiku aliposimama.

"Na ng'ombe?"

"Ng'ombe hayumo."

Nchi hii mtu anaweza kukuvumilia mengi, lakini si mpangilio wa vitu vyote vya dunia ambao ng'ombe hayumo.

"Hayumo kabisa?"

"Ni mkubwa, Baba Adam. Pande zote."

"Yaya, hapana! Elimu gani hiyo?"

Donatus aliona anazama, akakimbilia ule mpangilio wa asili. Akaeleza kwamba vipo vilivyokuja vyenyewe, vipo vilivyotokea bila kukusudiwa, na vipo vilivyotengenezwa kwa makusudi.

"Kama watoto wa Bujiku!" sauti ya mwanamke ikatoka nyuma, na turubai nusura lianguke kwa vicheko. Bujiku hakucheka. Alingoja watulie, akauliza kwa upole wa mtu anayefunga mlango:

"Kwa hiyo, Baba Noela, kwa kifupi, ni chawa au si chawa?"

Donatus akamwangalia binti yake. Noela alikuwa amekaa meza kuu na shada shingoni, anatabasamu, lakini vidole vyake vilikuwa vinachana leso ya karatasi. Moyo ukamuuma Donatus. Kiapo chote kikamtoka.

"Si chawa!" akapaza sauti. "Hata dhahabu imo! Na dhahabu ikiwa ndogo kiasi hicho haiwi ya njano. Inakuwa nyekundu!"

Noela akafunika uso kwa mikono.

Polepole, vichwa vyote chini ya turubai vikainama kutazama kile kifusi chekundu. Mtu mmoja akavua kofia, kama anayesikia joto. Akachuchumaa kufunga kamba za kiatu, na kiatu chake kilikuwa kandambili. Kufumba na kufumbua, sherehe nzima ilikuwa imepiga magoti. Watu walizoa kwa sahani, kwa vitenge, kwa mifuniko ya masufuria. Cornel aliacha kipaza sauti, akaonekana anachimba na kijiko cha keki.

"Ni kutu ya chuma tu!" Noela alipiga kelele. "Wekundu wa udongo ni kutu!" Lakini katika nchi ya dhahabu, anayekuambia acha kuchimba ndiye wa kwanza kushukiwa.

Bujiku akainuka, kofia yake ya pama imejaa kifusi hadi ukingoni.

"Donatus," akasema, akihema, "lete chekeche. Lile dogo. La juu ya mlango."

"Chekeche! Chekeche!" wengine wakaitikia, na wote wakageuka kumtazama.

Hapo pana jambo la kueleweka. Maisha yake yote Donatus alikuwa akiingoja siku hiyo, siku ambayo Kharumwa nzima ingesimama mbele yake ikililia chekeche lake dogo kuliko yote. Ilikuwa imefika, na amevaa suti. Alichotakiwa kufanya ni kusema "haya," wangembeba juu. Akamtazama Noela. Noela alimtazama, macho yamelowa.

Donatus akatikisa kichwa.

"Sina," akasema.

"Huna nini?"

"Sina chekeche la hiyo. Hata lile la mlangoni. Vitu anavyosomea mwanangu vinapita kwenye tundu lake kama mbuzi wanaopita getini. Mimi… mimi siwezi kuvishika."

Lilikuwa jambo gumu kuliko yote aliyowahi kuyatamka, na aliketi palepale kwenye kifusi bila kujali suti.

Watu waliduwaa. Wamemfahamu Donatus miaka yote hiyo, na hawajawahi kumsikia akikiri kwamba kuna kitu kisicho na chekeche. Kama angewaonyesha vitabu vya chuo kizima wasingeamini. Lakini hili waliliamini. Mmoja mmoja wakaanza kumwaga udongo. Mwenye kandambili akarudi kwenye kiti chake. Bujiku alibaki na kofia mkononi, akiitafakari.

"Basi ni vidogo kweli," akasema hatimaye, na akaimwaga.

Noela alikuja akaketi kwenye kifusi kando ya baba yake, na gauni lake jipya, na shada lake, na wakacheka mpaka Scolastika akaja kuwagombeza kwa sababu ya nguo.

Siku ya mnada uliofuata, Noela keshaondoka, Donatus alikuwa kibandani anagongomelea fremu. Mgeni mmoja kutoka Shinyanga, mnunuzi wa ng'ombe, alikuwa amesimama nje na Bujiku. Akauliza, kwa ajili ya mazungumzo tu, yule binti wa fundi anayesikika sana anasomea nini.

Donatus alisimamisha nyundo hewani.

"Yule?" Bujiku akajibu, huku anang'oa nyasi kwenye meno. "Anasomea vitu ambavyo chekeche la baba yake haliwezi kuvishika."

Mgeni akatazama juu ya mlango, kwenye lile chekeche dogo kuliko yote, akapiga mluzi wa mshangao, kisha wakaendelea kuongea habari za ng'ombe. Donatus aliishusha nyundo polepole, akajipangusa macho kwa mkono wenye vumbi, na kwa mara ya kwanza katika maisha yake akamuuzia mteja chekeche bila kusema neno lolote.