Mpangaji wa Bi Fernande

Bi Fernande Ouimet alikuwa na nyumba ya ghorofa tatu huko Rosemont, Montreal, na yeye mwenyewe alikaa chini, kama wenye nyumba wote wa mtaa ule. Marehemu mumewe alimwachia nyumba pamoja na mpangaji wa ghorofa ya pili: Bwana Lucien Gadbois, fundi bomba mstaafu, mrefu, mkavu wa maneno, asiye na mke wala mtoto.

Kodi ya Gadbois ilikuwa ya kizamani, karibu nusu ya waliyolipa majirani. Kila mwaka Bi Fernande alidhamiria kuipandisha, na kila mwaka bomba lilipasuka, Gadbois akalitengeneza bila kudai senti, na nia ikamfia mwenye nyumba mdomoni. Majira ya baridi ni Gadbois huyo huyo aliyezoa theluji kwenye ngazi za chuma za nje, kabla Bi Fernande hajavaa soksi.

"Mama, unafuga hasara," alisema Sylvain, mwanawe wa pekee, ambaye alikuja akiwa na njaa tu. "Nyumba hii ni dhahabu, umeikalia kama kuku. Uza, au mtoe yule mzee."

"Nikiuza nikaishi wapi? Mfukoni mwako?"

"Basi mtoe, nihamie mimi. Mtoto wa mwenye nyumba sheria inamruhusu. Nitakuwa hapo juu, mama. Ukikohoa tu, nimefika."

Hapo ndipo alipomshika. Bi Fernande hakuwa na tamaa ya pesa, nisimsingizie. Aliogopa kuzeeka peke yake, aanguke bafuni asisikike. Akapima: mpangaji mwema upande huu, damu yake upande ule. Mama gani anaweza kuushika mzani huo mkono usitetemeke? Wahenga walisema usiache mbachao kwa msala upitao, lakini wahenga hawakumzaa Sylvain.

Desemba akapanda na notisi ya kumtaka ahame ifikapo Julai. Gadbois aliisoma amesimama mlangoni.

"Sylvain anahamia?"

"Ndiyo, Bwana Gadbois. Ni mwanangu, utanielewa."

Gadbois aliikunja notisi, akaitia mfukoni. "Kesho ngazi zitateleza, bibi. Usitoke mpaka nimwage chumvi, barafu iyeyuke."

Angeweza kupinga mbele ya baraza linaloamua kesi za wapangaji. Hakupinga, na mimi hilo linaniudhi hadi leo.

Julai mosi, siku mji mzima unapohama, friji zikiteremshwa kwa kamba kila mlango, Gadbois naye alipakia vyake kwenye lori la kuazima.

"Beleshi nimeliacha chini ya ngazi," alisema.

"Vizuri. Sylvain atalihitaji."

"Haya, bibi."

Sylvain alikuja, akapaka ukuta mmoja rangi ya samawati. Kisha mchumba wake akasema haishi juu ya kichwa cha mama mkwe, wakanunua nyumba Laval, ng'ambo ya mto, yenye bustani. Bi Fernande hakuweza kupangisha kwa mwingine bila kibali cha baraza, na angeenda na uso gani kueleza kuwa mtoto aliyemtolea mtu hakuhamia? Ghorofa ikakaa tupu. Hata ile kodi ya kizamani ikapotea.

Theluji ya kwanza ilianguka usiku kucha. Akampigia Sylvain.

"Daraja limejaa magari, mama. Kesho, eh?"

Wanafunzi waliopanga ghorofa ya tatu wakiteleza na kuvunjika mguu, anayejibu ni mwenye nyumba. Akavaa koti, akalichukua beleshi, akashangaa lilivyo jepesi. Mpini ulikuwa umekatwa kwa msumeno, ukapigwa msasa, na ncha yake kufungwa kitambaa. Ulimfika kifuani barabara. Kwa Gadbois ungefika kiunoni, na Sylvain ni mrefu kumpita Gadbois.

"Alijua," Bi Fernande alisema, theluji ikimwingia shingoni. "Alijua, na hakuniambia."

Alilia kwa sauti, pale pale barabarani. Kisha akainama, akaanza na kidato cha chini.