Kidonge Nilichompa Nasieku

Nakumbuka mchana mmoja kule Mang'ola, jua limesimama wima juu ya mashamba ya vitunguu, nilipomfungua rafiki yangu kiganja na kumwekea kidonge cheupe. Mwanangu, ningeweza kuianza habari hii mahali pengine, mahali ambapo mimi naonekana mwema. Sitaki. Tuanzie penye aibu.

Wala usitegemee nikubembeleze. Nina hasira. Juma lililopita mtoto wa dada yangu, anayefanya kazi loji moja hapa Karatu, alikutwa na vile vijiwe vinavyong'aa kama chumvi ya mawe, wanavyovichoma na kuvuta moshi wake. Nilipomuuliza, akanijibu, "Mama mkubwa, ni ya kazi tu. Wageni wamejaa, nitasimamaje zamu mbili?" Ni ya kazi tu! Mkono wangu uliinuka wenyewe. Niliushusha, kwa sababu maneno hayo niliyasema mimi kabla yeye hajazaliwa.

Nilikuwa msichana mwenye nguvu, binti wa wakulima wa huku juu kwenye baridi. Niliteremka Mang'ola kutafuta kibarua, kukata majani ya vitunguu na kujaza magunia. Kule joto linatoka juu na linatoka chini. Msimamizi wetu aliitwa Petro, mtu mcheshi, anayejua jina la mama wa kila kibarua. Huyo ndiye aliyenipa kidonge cha kwanza. Tulikiita gia, maana ukishameza, hata mlima unaupanda; ni ndugu wa vile vijiwe.

Nisikudanganye, mwanangu. Wanaokwambia kwamba siku ya kwanza ni chungu wanakudanganya, na ukigundua uongo wao hutawaamini tena. Siku ya kwanza ni tamu. Sikusikia njaa, sikusikia mgongo, nilikata vitunguu nikiimba. Nilijiona mimi ndiye mtu, na wengine wote wamelala. Uchungu ulikuja baadaye. Nilisaga meno hadi taya likavimba. Moyo ulinipiga kama mtu anayegonga mlango. Nilianza kuwashuku wenzangu kwamba wananisema, na siku bila gia sikuweza hata kufunga kamba ya gunia. Petro alipoona nimenasa, akanipa kazi nyingine: niwe nawagawia wasichana wenzangu. "Wewe wanakuamini," alisema. Nikaona ni heshima. Heshima gani hiyo!

Ndipo akaja Nasieku, msichana wa Kimaasai kutoka Endulen. Ukame ulikuwa umemaliza ng'ombe wao, na kwao ndani ya hifadhi huruhusiwi kulima, basi mama yake alimwachia ateremke atafute cha kuwalisha wadogo zake. Kiswahili chake kilikuwa cha shule, kilichonyooka kuliko changu. Tulilala mkeka mmoja. Mchana ule ninaokwambia alikuwa amechoka hadi kisu kinamponyoka, na lori lilikuwa linasubiri.

"Kinafanya nini hiki?" aliuliza.

"Ni cha kazi tu. Kinaondoa uchovu."

"Uchovu wenyewe unakwenda wapi?"

Nilicheka. Nikawaambia na wenzangu, tukacheka wote. Mwanangu, lile lilikuwa swali la maana kuliko yote niliyosikia shambani kule, nami nikaligeuza mzaha. Alimeza. Kesho yake akameza tena, na baada ya siku chache alikuwa ananyoosha kiganja mwenyewe kabla sijampa.

Haukupita muda mrefu. Siku moja jua likiwa kali alisimama, akashika kichwa, akasema neno moja la kwao ambalo sikulielewa, kisha akaanguka juu ya majani ya vitunguu. Mdomo wake ulikuwa umekwenda upande. Petro akaja, akatazama, akasema, "Mmwagieni maji, ni jua. Lori halingoji mtu."

Sasa nisikilize. Mimi nilirudi kwenye gunia langu. Nilijaza gunia zima, rafiki yangu akiwa chini, kwa sababu gia ilikuwa kichwani na mikono haikujua kusimama. Ni wanawake wengine, ambao hawakuwa marafiki zake hata kidogo, waliomfunga kwenye shuka wakamnyanyua wakaanza kupiga kelele hadi Petro akatoa gari. Hilo ndilo zinalokufanyia dawa hizi. Watu husema zinaharibu mwili. Zinaharibu, ndiyo, lakini kwanza hula ile sehemu yako inayoshtuka.

Hospitali, nilikowafuata jioni lori lilipoondoka, daktari aliniuliza, "Amemeza nini?"

"Hakuna. Ni jua."

Alinitazama meno, akanitazama macho, akaniuliza tena. Nikasema tena ni jua. Hadi siku ya pili ndipo niliposema ukweli, na yule daktari akaniambia kwa sauti ya chini kwamba mshipa wa damu ulipasuka kichwani, na kwamba kila saa niliyonyamaza ilikuwa ni saa ya mgonjwa. Wazee walisema mficha maradhi, kifo humuumbua. Mimi nilificha maradhi ya mwenzangu.

Nasieku hakufa. Mkono wa kulia ulikufa, na maneno yalitoka mdomoni moja moja. Ilibidi mtu ampeleke kwao, nikampeleka.

Mama yake alitupokea mbele ya boma. Sisi vijana tulimwita Yeyo, mama, kama ilivyo desturi yao. Nilikuwa nimeandaa hotuba ndefu ya kujitetea. Hakuniruhusu kuianza.

"Ng'ombe akivunjika mguu," alisema, "tunauliza nani alikuwa anachunga. Huyu alikuwa anachungwa na nani?"

"Na mimi, Yeyo."

"Basi hujamaliza kuchunga. Weka mzigo chini. Utateka maji, utakamua, utamlisha, mpaka ajue kushika kibuyu. Na mbele yangu usilie. Mwenye haki ya kulia hapa ni mmoja."

Nikabaki. Siku za kwanza bila gia nililala kama mfu, nikiamka nakula kama fisi. Kisha ikaja huzuni ambayo sina jina lake. Niliona kila kitu ni majivu, hata maziwa. Mwili wote uliita gia. Juma la tatu nilitoroka. Nilitembea hadi barabarani, nikapata gari la Karatu, na kabla jua halijazama nilikuwa nimemeza. Utamu haukuwepo tena, mwanangu. Ilikuwa hofu tupu. Siku tatu baadaye nilirudi Endulen kwa miguu yenye malengelenge, nikijua nitafukuzwa.

Yeyo alikuwa anashona ngozi. Hakuinua kichwa.

"Maji yamekwisha," alisema.

Nilichukua dumu nikaenda kuteka. Kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi. Lakini methali hiyo mimi niliifahamu siku ile, nikiwa na dumu mgongoni, wala si darasani. Kesho yake alinipeleka mwenyewe kwa muuguzi, akamwambia, "Huyu naye ni mgonjwa. Mweleze." Muuguzi akanieleza kwamba ile huzuni ni sehemu ya kupona, kwamba itapungua, na kwamba nirudi kila juma nizungumze. Nilirudi kila juma. Ilinichukua mwaka mzima kucheka bila kujilazimisha.

Nasieku alijifunza kushika kibuyu kwa mkono wa kushoto. Leo ana watoto, na anatunga shanga kwa mkono mmoja huku uzi ameubana kwa meno. Hajawahi kuniambia amenisamehe. Nilimuuliza mara mbili, mara zote akanikaribisha chai, nami nimeacha kumuuliza. Petro je? Petro hakuulizwa na mtu. Alihama, akafungua duka, akazeeka vizuri. Unaona kwa nini sikubembelezi?

Basi shika haya. Kazi inayohitaji dawa ili uimalize si kazi, ni mtego. Iache imshinde mwenye kazi. Anayekupa cha bure mchana wa shida hakupendi. Ukiwa umeshaanza, usijifiche, nenda hospitali useme jina la ulichomeza, na kifua au kichwa kikikushika, nenda saa ileile. Mwenzako akianguka, acha gunia. Ukiteleza baada ya kuacha, rudi siku hiyohiyo, hata kama umejaa aibu, maana aibu haijaua mtu kama kunyamaza kulivyoua. Na usinisomee ile methali ya sikio la kufa. Waliisema juu yangu, na sikio langu bado linasikia.

Nenda sasa, mwanangu. Mungu aulinde moyo wako upige taratibu. Akupe usingizi mzito na chakula chenye ladha. Na siku utakapopotea, akuwekee mbele ya nyumba mtu atakayekukasirikia sana, asiondoke.