Shamba Lililochumwa Jumatano

Siku yangu ya kwanza kazini nilikabidhiwa kibao cheupe na kuambiwa nikikigusa kwa kidole nitarudi nyumbani. Kibao hicho kilikuwa kipimo chetu cha weupe. Unaelekeza kipimamwanga kwenye kibao, kisha kwenye ardhi, unajua ardhi inarudisha mwanga kiasi gani. Setilaiti ikipita juu, unalinganisha. Ikiona pungufu, jicho lake limechoka, na picha zake zote huongezewa mwanga. Kazi hiyo tuliiita kusawazisha.

Nilianzia Mulot, kwenye shamba la ngano lililokwisha kuvunwa, chini ya Msimamizi wa Vipimo, mtu aliyependa vumbi kuliko watu. Baadaye nikahamishiwa Kericho. Huko Mkuu wa Kituo alichagua shamba moja la chai, pana, limekatwa sawa kama meza.

"Chai haibadiliki," alisema. "Januari kijani, Disemba kijani."

Nami nikaitikia! Mimi, niliyelelewa kwenye nyumba za wafanyakazi wa chai, mama yangu akichuma shamba hilo hilo.

Wiki moja setilaiti ilikuwa ipite Alhamisi. Jumanne nilifanya vipimo vya majaribio, vikatoka vizuri. Alhamisi kipimamwanga kikagoma.

"Tumia vya Jumanne," Mkuu akasema. "Siku mbili ni nini?"

Nikavitumia. Setilaiti ikaonekana imefifia vibaya. Mkuu akaandika barua, na picha za Kericho na Bomet zikaongezewa ukijani. Picha hizo ndizo zilizoamua malisho ya wapi yamekauka na nyasi za msaada zipelekwe wapi. Chebunyo, kule Bomet kwenye ukame, ikatolewa kwenye orodha ya msaada.

Koech, dereva wetu, alikuwa mtu wa Chebunyo. "Hiyo setilaiti yenu iko na macho kweli?" aliniuliza. "Kwetu ng'ombe inakula katoni." Nikamjibu kwamba vipimo havina upendeleo. Naona haya hadi sasa.

Jumapili nilimsimulia mama habari za setilaiti inayokufa. Aliacha kuchambua mboga.

"Nyathina, mtoto wangu, hiyo shamba si tulichuma Jumatano? Majani changa yote ilienda kiwanda. Ulitaka ing'ae na nini?"

Nikakaa chini. Machipukizi hung'aa kuliko majani yaliyokomaa yanayobaki; nililijua hilo kabla sijajua kusoma. Setilaiti ilikuwa nzima. Kipofu nilikuwa mimi.

Hapo ningekimbia ofisini. Sikukimbia. Niliogopa kufutwa kazi, nikanyamaza siku tano. Nilipomwambia Mkuu, alishika kichwa. "Wewe! Na barua ilishatoka!" Lakini aliifuta siku hiyo hiyo, na nyasi zikafika Chebunyo wiki iliyofuata.

Koech nilimwambia mwenyewe, tukiwa garini. Alizima injini.

"Ulijua kwa siku ngapi?"

"Tano."

Alitazama mikono yake kwenye usukani. "Hizo siku tano, ng'ombe zangu tatu zilianguka." Kisha akawasha gari, tukaenda kazini.

Sasa nimestaafu. Ninyi mnaoshika kibao leo, kabla hamjakiweka chini, muulizeni anayelima hapo jana alifanya nini. Na mkigundua kosa, semeni kabla jua halijatua.

Siku yangu ya mwisho kazini Koech aliniletea mursik kwenye kibuyu, maziwa ya mgando ya wajukuu wa ng'ombe waliopona. Alinimiminia mwenyewe, akasimama pale akisubiri nimalize.