Libérat na Kona ya Bomba

Kaka yangu Libérat ni mwoga. Nasema hivyo mbele yake na nyuma yake, na yeye mwenyewe hakatai. Siku hizi anafundisha hesabu sekondari mjini Mpanda, amepanga vyumba viwili Kawajense, na kila siku kabla ya kulala anakagua komeo la mlango, anapanda kitandani, halafu anashuka kulikagua tena. Mkewe amezoea. Lakini ninayotaka kusimulia ni ya mwaka tisini na tano, wakati wa mvua, alipokuja kwetu Katumba, kwenye makazi ya wakimbizi wa Burundi, kumalizia tasnifu yake ya chuo kikuu, akanitia hofu ambayo hadi leo sijaisahau.

Alikuwa anasomea shahada ya pili Dar es Salaam, na shida yake ilikuwa joto. Mimi nimeishia darasa la saba, kwa hiyo alinieleza kwa mfano wa bani letu, yaani kile kibanda cha matofali tunamokaushia tumbaku.

"Odeta, moto unawaka nje, bomba la bati linapitisha joto ndani," alisema. "Joto linakausha jani. Jani likishakauka, linapitisha joto kwa namna nyingine. Kwa hiyo joto lenyewe linajibadilishia njia. Mlinganyo wa namna hiyo hakuna anayeweza kuuandikia jibu."

"Sasa nyie huko chuoni mnafanya nini?"

"Tunachunguza tabia ya jibu bila kuliona. Unathibitisha kwamba, liwe liwavyo, haliwezi kupita kiwango fulani, wala haliwezi kupanda ghafla kutoka hapa hadi pale. Likiwa na tabia hiyo tunasema ni laini."

Kupima ulaini wa kitu usichokiona! Nilicheka sana, nikamwambia basi na mimi nina shahada. Maana bani nalo halifunguliwi. Majani mabichi yakishatundikwa na moto ukawashwa, mlango unafungwa, na siku zote yanapogeuka kuwa ya njano hakuna mtu kuugusa. Hewa ya baridi ikiingia, hasa ya mvua, majani yanashika madoa ya kahawia na hayatengenezeki tena. Unachungulia tu kipimajoto kupitia kidirisha cha kioo, unachochea moto au unaupunguza.

Yeye hakucheka. Katikati ya bani, alisema, alishamaliza. Huko aliweza kuthibitisha kila kitu. Kilichomkwamisha ni kandokando, hasa pale bomba linapokunja kona na kiwiko chake kuchomoza kuelekea kwenye majani. Kila alipoisogelea kona ile kwa hesabu zake, kiwango alichokitafuta kilizidi kupanda, mpaka kikakosa mwisho. Sura moja tu ya tasnifu ilikuwa imebaki, na ilikuwa ya kona. Aliacha kula vizuri. Alikuwa akichora kiwiko cha bomba mchangani kwa kijiti, anakifuta kwa mguu, anakichora tena. Nilimwonea huruma, na pia alinichosha.

Mwaka ule mvua ya mawe ilikuwa imepiga shamba, ikachana karibu tumbaku yote. Tuliyoiokoa ilitosha bani moja, na bani hilo ndilo lilikuwa mwaka wetu mzima. Siku ya pili tangu tuwashe moto, Mama aliitwa kwenye mkutano wa chama cha msingi cha wakulima. Mama yetu anaitwa Générose, mwanamke wa maneno machache. Alimweka Libérat mbele ya tanuru akamwambia, "Mwanangu, chochea moto na uchungulie kipimajoto. Mlango usiuguse." Mimi nikachukua panga kwenda kutafuta kuni mwisho wa shamba.

Yaliyofuata alinisimulia yeye. Alikaa na karatasi zake magotini akaijaribu kona upya, ikamshinda. Alichungulia: joto lilikuwa sawasawa. Lakini kipimajoto chetu kinaning'inia katikati ya bani, na yeye mwenyewe alishathibitisha kwamba ukiyajua ya katikati hujajua lolote la kwenye kona. Juu ya kona ile yalikuwa yamening'inia majani. Jani moja tu likichomoka kwenye kamba na kuangukia bati la moto, kwisha. Sisi wa Katumba tumeyaona mabani yakiwaka, paa linaondoka mwenye mali akiwa bado anatafuta ndoo. Alichungulia tena, kipimajoto hakikuwa kimesogea hata kidogo, na utulivu ule ulimtisha zaidi kuliko kama kingepanda. Alisema alihisi kona inamtazama kupitia ukutani.

Mimi niliona wingu jeupe likipanda juu ya nyumba. Nilitupa kuni na panga. Nilikimbia nikiliita jina lake kwa kelele, na kitu nilichokiona kichwani ni Libérat ndani ya bani, mlango umefungwa, anaungua. Namjua: mwoga, lakini angeingia kuzima. Sijawahi kuogopa vile. Nilimwomba Mungu achukue tumbaku yote aniachie kaka.

Akanisikia, tena upesi kuliko nilivyotaka.

Libérat alikuwa amesimama nje, ndoo mkononi, miwani imejaa mvuke. Tanuru lilikuwa limezimwa kwa maji. Mlango wa bani ulikuwa wazi wote, na manyunyu yalikuwa yameshaanza kuingia. Nilimshika mabega nikamkagua kama mtoto. Mzima. Nikachungulia ndani: hakuna cheche, hakuna jani hata moja kwenye bomba. Hofu ikanitoka, hasira ikakaa mahali pake.

"Moto uko wapi, kaka?"

"Hakuna."

"Ulisikia harufu?"

"Hapana. Nilishindwa kuthibitisha kwamba haupo." Akaitua ndoo. "Usinifundishe, Odeta, najua. Hesabu ikishindwa kufika mahali, haimaanishi huko kuna ubaya. Ni kwamba tu haijafika. Mwanafunzi akifanya kosa hilo anarudishiwa karatasi."

"Na sisi utaturudishia nini?"

Tulifunga mlango, lakini hata mimi niliona tulikuwa tunafunga kilichokwisha kuharibika. Mama aliporudi, majani yalikuwa yameanza kushika madoa. Alipita katikati yetu, akaingia, akashika jani moja, la pili, akalinusa. Nilijibanza ukutani. Nilijua leo Libérat atakipata, na kusema kweli nilikuwa nataka akipate.

"Uliuona moto?" Mama akamuuliza.

"Sikuuona, Mama."

"Lakini uliogopa."

"Niliogopa."

Mama akalitundika jani lile pale alipolitoa, kwa uangalifu, kana kwamba bado lina faida. "Mwaka sabini na mbili, mauaji yalipoanza Burundi, na mimi sikuona kitu," alisema. "Jirani zetu walisema mbona kumetulia. Nilikubeba mgongoni, huyu akiwa tumboni, nikamwambia baba yenu twende. Akasema tungoje kwanza tuone."

Baba sikumjua. Tangu utotoni niliambiwa tu kwamba alibaki Burundi, na mtu akisema "alibaki" kwa sauti ile ya Mama, huulizi zaidi. Nilimtazama Libérat. Alikuwa amevua miwani na analia waziwazi, mtu mzima wa chuo kikuu, na hasira yangu yote ikakosa pa kwenda.

"Tumbaku imeharibika," Mama akasema. "Hilo ni kweli na litatuumiza. Haya, leta kuni kavu, tuone kama yapo majani yatakayofaa."

Tuliwasha upya. Moto uliposhika, Libérat aliuliza kwa sauti ndogo kama mlango unaweza kuachwa wazi, hata kidogo tu, aione kona. Mama alisema hapana. Akaufunga, akatandika kanga mbele ya mlango, akaketi na kumwita mwanawe akae naye hapo.