Swali la Amina Juu ya Bawa la Nzige

Enzi zetu, kabla redio haijafika kijijini, ndege tuliowajua walikuwa korongo na kunguru. Kwetu ni kando ya Mto Tana, mwendo wa asubuhi moja kwa miguu hadi Garsen. Tulikula ugali na kambare wa kukaanga, tukalima kwenye matope yaliyoachwa na mafuriko, na michezo yetu ilitoka mlemle mtoni. Dada yangu Amina ndiye aliyekuwa bingwa wa kukamata kereng'ende. Alimshika kwa vidole viwili, taratibu, akamtazama mabawa weee, kisha akamwachia. Sisi wengine tuliwafunga uzi. Yeye alisema mwenye uzi haoni kitu.

Wakubwa wenzangu mtaikumbuka miaka ile ya nzige. Jua lilififia mchana, halafu ukasikia mlio kama moto unaokula nyasi kavu. Mama alitoka mbio na debe, baba na mwiko, kila mtu na chake, tukapiga kelele hadi sauti zikatukauka. Nzige walishuka hivyo hivyo. Mahindi yalikuwa yameanza kutoa nywele, na hakukuwa na akiba nyingine. Waorma nao, majirani zetu wafugaji, walikuwa wakilia, maana malisho ya ng'ombe yalikuwa yakiisha mbele ya macho yao. Mzee Godana, mfugaji aliyekuwa rafiki wa baba, alikuja akakaa kwetu. Alikunywa maji, akaondoka.

Ndipo ilipokuja ile ndege ya kunyunyiza dawa. Ilitua uwanda mkavu nje ya Garsen, nasi tukaenda kuiona. Rubani alikuwa Mzungu kijana; kwa ajili ya miwani yake mikubwa tulimwita Bwana Miwani. Kiswahili chake kilikuwa cha kuokoteza kama chetu, basi tulielewana vizuri. Fundi wake, Salim, alitoka Mombasa. Huyo alituonya: "Nzige waliopigwa dawa msile, wanangu. Hata mmoja." Tulizoea kuwala wamekaangwa kwa chumvi, kwa hiyo mwaka ule tuliliwa shamba na kitoweo tukanyimwa.

Kila asubuhi Bwana Miwani alipita chini sana juu ya mashamba, akifika kwenye kona ya mto anageuka. Wanawake walimpungia leso. Asubuhi moja kundi kubwa lilikuwa limetanda juu ya mahindi yetu. Alipita mara ya kwanza, akageuka kwa haraka ili arudi kabla hawajahama. Nilimwona akiinua pua ya ndege kuikwepa miti ya ukingoni. Ndege ikawa kama imesimama hewani. Halafu bawa moja likalala, ikaanguka kwenye kinamasi.

Baba na Mzee Godana walifika wa kwanza, matope hadi kiunoni. Walimtoa akiwa hai. Walimlaza kwenye kanga ya mama, na akafariki kabla gari la kumchukua halijatoka Garsen. Mama alimfunika uso, akasema, "Amekufa kwa shamba la watu asiowajua." Sijasahau sauti yake.

Salim alipokuja kukusanya vipande, Amina alimfuata. Hakuwa mtoto wa kuogopa watu.

"Aliangukaje?"

"Bawa likiinuliwa kupita kiasi," Salim alisema, akionyesha kwa kiganja, "upepo unaopita juu yake unabanduka. Bawa linakosa kitu cha kulibeba."

Amina alifikiri kidogo. "Lakini nzige huinua bawa lake kuliko hivyo. Na kereng'ende pia. Mbona hawaanguki?"

Salim alikishusha kiganja chake. "Hilo silijui, mwanangu. Na sidhani kama waliotengeneza ndege hii wanalijua."

Mavuno yale tulipata nusu, tukashukuru. Mimi nikapelekwa shule, hatimaye nikawa mwalimu. Amina hakupelekwa, enzi hizo ilikuwa hivyo, na hakuna aliyeuliza. Aliolewa kijiji cha Wenje, akalima, akazaa, akawa hodari wa kuendesha mtumbwi. Kila niliporudi likizo alinipokea kwa swali lilelile: "Mwalimu, wamejua?" Nami nilijibu, "Bado, dada." Watu walikuwa wakisema yule rubani alikuwa mlevi. Yeye alikataa katakata.

Tulikuwa na mvi sote wawili niliposoma kwamba wataalamu wamelipata jibu, kwa kutazama moshi ukipita juu ya bawa la mdudu. Nilipanda basi siku iyo hiyo. Nilimkuta shambani, nikamweleza pale pale. Upepo hubanduka kweli kwenye ukingo wa mbele wa bawa, lakini hauendi zake. Hujikunja ukawa kisulisuli kidogo, kikalala juu ya bawa kwa urefu wake, na ndani yake hewa ni nyepesi, hivyo bawa huvutwa juu. Kabla kisulisuli hakijaponyoka, mdudu amekwisha kupiga bawa upande mwingine na kutengeneza kipya.

"Kama maji yanapopita ncha ya ukingo," alisema. "Yanajikunja, yanauvuta mtumbwi."

"Ndiyo. Hata ndege za mabawa ya pembetatu hukitumia. Lakini ndege kama ile, yenye bawa nyoofu lisilopiga, kisulisuli huitoka mara moja."

Aliliweka jembe chini. "Kwa hiyo hakuwa mlevi."

"Aliharakia mahindi yetu, dada."

Alilia. Mimi nilidhani atafurahi, kumbe alilia kwa uchungu kama vile msiba ni wa jana. Kisha akamwombea, tukaenda kula.

Amina ametangulia mbele ya haki. Wajukuu wangu ni watoto wazuri, ila swali la asubuhi simu inawajibu kabla uji haujapoa, na jioni hawakumbuki waliuliza nini. Wananicheka nikisema kuna mtu alilisubiri jibu moja tangu utoto hadi uzee. Siku hizi majibu yamejaa kila mahali. Mimi nikishuka kwenye basi pale Wenje, hakuna tena anayeniuliza kama wamejua.